Mji Mdogo wa Balangiga na Utawala Wake

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Katika mikutano yetu swali hili halikosi kuulizwa: mtumishi wa utawala katika mji mdogo ni mtumishi wa nani? Je, ni wa wakubwa waliomwandika kazi, au ni wa watu wanaomlipa kwa kodi yao? Leo tumeona vyema tusilijibu kwa maneno matupu, bali tutazame habari za mji mmoja wa mbali uliojifunza jibu lake kwa damu.

Mji huo ni Balangiga, katika kusini ya kisiwa cha Samar, nchi ya Ufilipino. Uko pwani, penye mlango wa mto. Watu wake ni 14,000 hivi, wengi wao wavuvi na wakulima, na lugha yao ni Kiwaray.

Wahispania walianza kuvitawala visiwa vile mwaka 1565. Killa mji ulikuwa na mkubwa wake mwenyeji, aliyeitwa gobernadorcillo, yaani gavana mdogo, naye alichaguliwa na watu wachache wenye cheo na mali. Chini yake walikuwapo wakuu wa barangay, yaani mitaa na vijiji, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi. Kodi ikipungua, mkuu wa barangay alipaswa kuijaza kwa mali yake mwenyewe. Tena wanaume walifanya kazi ya lazima siku 40 killa mwaka, mpaka mwaka 1884 zilipopunguzwa kuwa 15. Basi mkubwa wa mji alikuwa kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia: juu serikali na padre, chini jamaa zake mwenyewe.

Wafilipino walitangaza uhuru wao tarehe 12 Juni 1898. Lakini katika Desemba ya mwaka ule ule Hispania iliiachia Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20, na Februari 1899 vita vikaanza kati ya Wafilipino na Wamarekani. Katika vita hivyo, mwezi wa Januari 1901, Wamarekani walitoa sheria mpya ya miji. Kwa sheria hiyo killa mji ungekuwa na presidente, yaani mkuu wa mji, pamoja na madiwani, nao wangechaguliwa kwa kura. Lakini mpiga kura sharti awe mwanamume wa miaka 23 au zaidi, tena awe aliwahi kushika cheo zamani, au ana mali ya kutosha, au anajua kusema, kusoma na kuandika Kiingereza au Kihispania. Mvuvi asiyejua ila Kiwaray hakuwa na neno.

Mwezi wa Agosti 1901 kombania moja ya askari wa Marekani ilifika Balangiga ili kuifunga bandari, wapiganaji wa Samar wasipate chakula. Presidente wa mji alikuwa Pedro Abayan, na mkuu wa polisi alikuwa Valeriano Abanador. Hao wawili walikuwa wakishika amri za wageni mchana, ilhali Abayan alikwisha kumwandikia Jenerali Vicente Lukban, mkuu wa wapiganaji, kwamba mji utajionyesha kuwa rafiki, kisha utainuka wakati utakapofaa.

Kapteni Thomas W. Connell, mkubwa wa askari wale, alitaka mji usafishwe. Aliwakamata wanaume, akawatia kazini kwa nguvu, na usiku wakafungiwa katika mahema yasiyowatosha. Mapanga yao yalichukuliwa, na mchele uliowekwa akiba ukachukuliwa pia. Twaona hapa kwamba usafi ni jambo jema, lakini amri iliyopita juu ya baraza la mji bila shauri iligeuza jambo jema kuwa dhuluma.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba 1901, askari walipokuwa wakila, Abanador alimnyang'anya askari wa zamu bunduki yake, kengele ya kanisa ikalia, na watu wa mji wakawaangukia askari kwa mapanga. Kati ya askari 74, walikufa 48. Kisasi kilikuwa kikali kupita kiasi. Jenerali Jacob H. Smith aliamuru Samar igeuzwe kuwa jangwa, na killa mtu awezaye kushika silaha, kuanzia umri wa miaka 10, auawe. Mji wa Balangiga ulichomwa moto. Mwaka 1902 jenerali huyo alishtakiwa mbele ya baraza la kijeshi, akaonekana ana hatia, na adhabu yake ikawa kuonywa tu, kisha akastaafishwa. Kengele tatu za kanisa zilichukuliwa kuwa nyara.

Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946. Lakini bendera mpya peke yake haikuuondoa utawala wa amri kutoka mji mkuu. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1991 ndipo ilipotolewa Sheria ya Serikali za Mitaa, ambayo kwayo Balangiga inajitawala. Wakazi wenyewe huchagua meya, makamu wake na madiwani 8 kwa miaka mitatu, wala hapana ruhusa kukaa katika cheo kimoja zaidi ya vipindi vitatu mfululizo. Chini yao ziko barangay 13, killa moja na mkuu na madiwani wake, na penye ugomvi mdogo wa jirani kwa jirani hapana budi upatanishwe huko kwanza kabla ya kwenda mahakamani.

Sasa tunawaomba makarani wategee masikio. Sheria ile yasema kwamba mshika hazina wa mji haajiriwi na meya, bali huteuliwa na waziri wa fedha kati ya majina yaliyopendekezwa na meya. Hakuna fedha itokayo katika hazina bila idhini ya baraza. Sheria ndogo sharti ibandikwe penye mlango wa boma na mahali pengine pa wazi, na iandikwe pia kwa lugha inayofahamika na watu wengi wa pale. Tena ndani ya siku 30 baada ya mwaka wa fedha kwisha, muhtasari wa mapato na matumizi hubandikwe mahali patatu ili killa mtu auone. Mvuvi ambaye mwaka 1901 hakuwa na neno, leo aweza kusoma hesabu za mji wake.

Hatusemi kwamba taabu zimekwisha. Mji kama huu hauna kodi nyingi zake wenyewe, hivyo hutegemea sana fungu litokalo katika hazina ya taifa. Na tarehe 8 Novemba 2013 tufani kubwa iliyoitwa Yolanda iliharibu nyumba na minazi ya pwani ile. Sheria njema haijazi tumbo, ila humwezesha mwenye njaa kuuliza chakula kimekwenda wapi.

Na habari za kengele ni hizi. Mbili zilikuwa katika kambi ya jeshi huko Wyoming, na moja ilikuwa na askari wa Marekani katika Korea ya Kusini. Watu wa Balangiga na wenzao waliziomba kwa miaka mingi, wakakataliwa, wakaomba tena. Tarehe 15 Desemba 2018, baada ya miaka 117, zote tatu zilikabidhiwa mji wenyewe. Hazikurudishwa kwa mapanga, bali kwa barua, kumbukumbu zilizotunzwa vema na watu wasiochoka.

Basi wenzetu, jibu la swali letu ni hili: mtumishi wa mji ni wa watu wa mji, nayo sheria ndiyo imwezeshayo kuwa wao. Pasipo sheria ya namna hiyo, hata mtu mwema kama presidente atakuwa na nyuso mbili. Na palipo na sheria hiyo, kalamu ya karani ndiyo iipayo uhai: akiacha kuibandika hesabu ukutani, sheria imekufa ijapokuwa imeandikwa. Tuibandike.