Wenye Hisa na Walinzi wa Mali Yao

Kampuni haina mikono wala mdomo. Hutendewa kazi na watu. Wenye hisa ndio wenye mali. Wao huchagua wakurugenzi, wakurugenzi humwajiri meneja mkuu, naye mkaguzi wa hesabu kutoka nje huwaambia wenye mali iwapo vitabu vyasema kweli. Hiyo ndiyo misingi, wala haina ugumu.

Ugumu uko kwingine. Imperial Bank ilikuwa na hivyo vyote, na Benki Kuu ya Kenya juu yake. Septemba 2015 mkurugenzi wake mkuu alifariki. Mwezi uliofuata Benki Kuu ikaifunga. Hapo ndipo ilipofichuka kwamba mabilioni ya shilingi yalikuwa yametolewa kwa siri, miaka nenda miaka rudi. Wenye akiba wakabaki nje ya mlango.

Tusitulizwe basi na wingi wa kamati. Mkurugenzi huyasoma aliyoletewa na meneja, asipoletewa, haoni. Mkaguzi naye hulipwa na kampuni ile ile anayoikagua, jambo ambalo hatujaacha kulistaajabia. Na kanuni za mwaka 2015 kwa kampuni za soko la hisa huiruhusu isiyotimiza sharti kueleza sababu. Sababu hazikosekani!

Mwenye hisa mia moja aweza kusimama mkutanoni na kuuliza, ijapokuwa kura yake ni ndogo. Wengi wetu huenda kwa ajili ya chakula na mwavuli. Twaomba mwaka huu hesabu zisomwe kwanza, na swali la kwanza liwe: nani alimkagua meneja?