BETRI KUUKUU ISIACHWE MEZANI

 

Siku hizi si wachache kati yetu walio na motokaa inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe. Ndani ya ufunguo wake mna betri ndogo, bapa kama sarafu. Mara nyingi ni ile iliyoandikwa CR2032: upana wake milimita 20, unene 3.2, na nguvu yake volti 3.

Betri hii kwa kawaida haizimiki ghafula. Zamani ulifungua mlango ukiwa ng'ambo ya uwanja wa kanisa; sasa wahitaji kusogea karibu; kisha wabonyeza mara mbili, mara tatu. Hiyo ndiyo ilani.

Kuibadilisha si kazi ngumu. Tia ncha ya bisibisi bapa katika ufa wa kifuniko, ukifungue polepole. Tazama kwanza upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea wapi. Soma namba, ununue yenye namba ileile. CR2025 ina upana huohuo lakini ni nyembamba zaidi, nayo yaweza kulegea. Ilaze mpya kama ilivyolala ile ya kwanza, ukibane kifuniko.

Hapo wengi husema kazi imekwisha. Je, ile ya zamani umeiweka wapi? Iko mezani, kando ya kikombe cha chai, na mtoto anatambaa.

Twasema betri imekufa, lakini haikufa. Imechoka kwa kazi ya gari tu. Nguvu iliyobaki yatosha kuunguza. Mtoto akiimeza yaweza kukwama katika njia ya chakula. Umeme wake ukikutana na unyevu wa mwili, hutokea kitu kikali kama magadi ya kutengenezea sabuni, nacho chaweza kumjeruhi vibaya katika muda wa saa mbili. Pengine mtoto hata halii. Ukishuku tu, usingoje wala usimtapishe. Mkimbize hospitali, iwe Embu, Chogoria au Meru, apigwe eksirei mara moja. Aliyepita umri wa mwaka mmoja, naye anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Lakini kutafuta asali kusikucheleweshe.

Basi betri kuukuu ifungwe kwa utepe wa gundi pande zote mbili, iwekwe mahali pa juu palipofungwa, kisha ipelekwe panapokusanywa za namna hiyo.

Ndugu yangu, uchungu wa zamani nao ni vivyo hivyo. Wawili waliogombania mpaka wa shamba wapatanishwa mbele ya wazee, wapeana mikono, wanywa chai pamoja. Neno jipya limewekwa ndani. Lakini lile la zamani huachwa mezani. Jioni baba alirudia akila, mama aliongezea, na watoto wanasikiliza. Twasema, "Jambo lile lilikufa." Halikufa. Mtoto amelimeza, naye atakua akimchukia jirani asiyemkosea lolote, wala hatajua kinachomuunguza ndani.

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso, katika sura ya 4, alitaja kuvua utu wa kale pamoja na kuvaa utu mpya. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Kupokea jipya hakutoshi ikiwa la kale limebaki mahali ambapo mikono midogo yafika.

Usiku huu, kabla ya kuzima taa, tazama mezani pako. Ukiona kitu kilichosahauliwa, kiondoe. Na ukikumbuka neno lililosahauliwa, mpelekee Bwana, usiwaachie watoto.

Mungu awabariki. Amina.