Dohani na Masizi Yake
Mji wa Kakamega, uliojaaliwa hewa ya nyanda za juu na ujirani wa msitu mkubwa, hauna haja kubwa ya mitambo ya kupoza hewa, wala mifereji yake. Lakini dohani zipo, katika hoteli, katika majiko ya shule na katika baadhi ya majumba, nazo, zisipokwanguliwa masizi kwa wakati wake, humrudishia moshi yule aliyeinama mekoni, ambaye aghalabu ni mama mwenye mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na hiyo si idadi ya kusomwa kisha ikasahauliwa. Hotelini, mafuta yaliyoganda ndani ya bomba la moshi huweza kushika moto, ukapanda hadi darini kabla mpishi hajatanabahi. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka hewa safi izunguke mahali pa kazi. Basi wakaguzi, wafikapo jikoni, na wainue macho waitazame dohani, na fundi aisafishaye apewe barakoa na ujira wa haki.