Plasta Imetolewa, Mguu Umekonda

 

Tuseme mwanao wa miaka saba alianguka kutoka mwembeni, akavunjika muundi. Wiki sita amekaa na plasta. Leo imekatwa, na badala ya kufurahi unashtuka: mguu umekonda, ngozi inabambuka, goti halikunjiki vizuri. Jirani anakunong'oneza, "Mbona umekuwa kama wa polio?"

Hapana, mama. Msuli usipofanya kazi huanza kupungua tangu wiki ya kwanza. Polio ni jambo lingine: mguu hulegea ghafla bila mtoto kuumia. Ukiona hivyo kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka 15, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Msuli uliopungua haraka hurudi polepole, pengine kwa miezi. Chukua uzi, zungusha kwenye shavu la mguu, kiganja kimoja chini ya goti, ufunge fundo. Pima tena mahali pale pale baada ya mwezi.

Kwanza muulize daktari kama mfupa uko tayari kubeba uzito. Akikubali, mkalishe mtoto kitini. Anyooshe goti, ahesabu hadi tano, ashushe. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Achore duara hewani kwa kidole gumba cha mguu. Baadaye ashike meza asimame kwa ncha za vidole. Mtume chumvi jikoni, aende mwenyewe. Atachechemea kwa majuma kadhaa, na ni kawaida. Usimbebe kila mahali kwa huruma. Lakini mpira na kuruka kamba vingoje ruhusa ya daktari.

Sasa hili la kukandwa. Najua wengi mtampeleka kwa mzee anayekanda mpaka mtoto alie. Tafadhali msifanye hivyo, hasa kama aliumia kiwiko. Kiwiko kikilazimishwa, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, na mkono ukakataa kukunjika. Maji ya uvuguvugu na mafuta yanayopakwa taratibu yanatosha. Akunje mwenyewe, kadiri anavyoweza.

Chakula nacho? Supu ya mifupa ni tamu, lakini peke yake haijengi msuli. Mpe maharagwe, ndengu, omena, yai au maziwa, chochote kati ya hivyo unachoweza kupata, kila siku.

Mrudishe hospitali maumivu yakizidi badala ya kupungua, mguu ukivimba na kuwa moto, au akikataa kabisa kuukanyagia.

Na wewe ambaye mwanao bado ana plasta: mwambie achezeshe vidole kila saa akiwa macho. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au akilia kwa maumivu yasiyotulia, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo.