PICHA HAISEMI, INASEMESHWA

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya walimu wa kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imetupa sisi walimu nafasi ya kuzungumza juu ya elimu. Tumechagua elimu ambayo haimo katika mtihani wowote, lakini kila mmoja wetu hapa anaihitaji. Nayo ni elimu ya kusoma picha. Tunasema "kusoma" kwa makusudi. Mtoto hufundishwa herufi kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa kitabu, lakini picha hupewa bila mwalimu, kwa kuwa tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni nzuri, ila mbele ya picha haitoshi.

Picha ni kazi ya mtu. Mpiga picha huchagua asimame wapi, nani aingie, nani abaki nje, na abonyeze saa ngapi. Mhariri huchagua moja kati ya nyingi. Mwingine huandika maneno ya chini. Inapotufikia sisi, watu watatu wamekwisha kuamua tuone nini. Kwa hiyo darasani tunatumia maswali manne: Nani ameitengeneza? Amemtengenezea nani? Nini kimeachwa nje? Nani anapata faida?

PICHA ZA MNATO

Tuanze Mbale, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa soko lake na hospitali yake. Februari 1973, serikali ya Idi Amin iliwapiga risasi hadharani, katika miji kadhaa ya Uganda, watu iliowaita waasi. Mbale ilikuwa mmojawapo wa miji hiyo, na kati ya waliouawa hapo alikuwa Tom Masaba, aliyekuwa kapteni wa jeshi. Raia walikusanywa watazame. Kamera pia zilikuwepo, na picha ya Masaba akiwa amevuliwa nguo kabla ya kuuawa ilisambaa duniani.

Tulinganishe matumizi mawili ya tukio hilo. Aliyeamuru mauaji alitaka watu waone na waogope. Lakini picha hiyo ilipofika nchi za nje ikawa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Ndani ya picha hakuna kilichobadilika, hata kivuli. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa na maneno yaliyoandikwa chini yake. Ndiyo maana tunasema picha haisemi, inasemeshwa.

Na kuna picha zinazodanganya kwa kunyamaza. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda jijini Kampala yalionyesha picha za wapiga picha wa serikali ya miaka ile, zilizochaguliwa katika akiba ya negativu zipatazo 70,000 za Shirika la Utangazaji la Uganda. Humo mna mikutano, sherehe na magwaride. Mateso ya vyumba vya siri hayakupigwa picha. Atakayeangalia akiba hiyo bila swali la tatu, la nini kimeachwa nje, atadhani nchi ilikuwa katika sikukuu.

SINEMA NA KATUNI

Vijana wetu wakifika Jinja huingia katika vibanda vya video. Huko filamu ya Marekani au ya China hutafsiriwa na mtu anayeitwa VJ, ambaye sauti yake hufunika sauti ya filamu. Anaeleza, anatania, anataja mitaa ya hapahapa Uganda. Watu hucheka mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia kicheko. Wengine huona huo ni upuuzi. Sisi walimu tunaona ni somo la bure: sauti ikibadilika, picha ileile hubeba habari nyingine. Zimeni sauti dakika tano, mtazame tu. Kisha fumbeni macho, msikilize tu. Mtashangaa ni mara ngapi woga au huruma yenu ilitoka kwenye muziki, si kwenye jambo lenyewe.

Filamu pia huchagua shujaa. Tarehe 5 Machi 2012 shirika moja la Marekani lilitoa filamu ya kama nusu saa iliyoitwa Kony 2012, juu ya kiongozi wa waasi wa LRA. Kwa siku sita ilitazamwa mara zipatazo milioni 100. Tarehe 13 Machi ilionyeshwa uwanjani Lira, kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu waliokuwa wameteswa na vita vile. Wao walikasirika, mawe yakarushwa, na maonyesho yakasimamishwa. Waliona filamu imemkalisha mbele Mmarekani aliyeitengeneza na mwanawe mdogo, ilhali wao wenyewe wamekaa pembeni mwa habari yao. Waliona pia jina la aliyewatesa likichapwa kwenye fulana. Filamu ilitengenezewa watu wengine, na ndiyo sababu swali la pili ni muhimu.

Juu ya katuni tutasema machache. Wazazi wengi huziona kuwa michezo ya watoto. Lakini katika filamu ya kawaida sekunde moja hubeba picha 24, na katika katuni hakuna hata kitu kimoja kilichoingia kwa bahati: kila jani na kila rangi ya ngozi imechorwa na mtu aliyeamua. Ubongo Kids, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2014, inawafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili kupitia wahusika wanaofanana nao. Mtoto anayemwona mwenye akili wa hadithi akizungumza lugha yake anajifunza zaidi ya hesabu.

MATANGAZO

Tembea Jinja au Mbale uhesabu maduka yaliyopakwa rangi ya kampuni ya simu. Mwenye duka amepata rangi na kibao, na kampuni imepata ukuta mzima barabarani. Huko Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, kiwanda cha bia kimechukua jina la Nile. Mto haujatengeneza bia, lakini nguvu na ukubwa wa mto vimeazimwa na chupa. Hiyo ndiyo kazi ya tangazo: kukaribisha vitu viwili hadi moyo uamini ni kimoja.

Ndugu zetu, na sisi pia tumo katika matangazo. Kuomba msaada ni tangazo, na uso wa mkimbizi ndio mto wake.

Tusiwe watu wasio na shukrani. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zile ziliamsha ulimwengu na misaada mikubwa ikatolewa. Picha inaweza kuokoa maisha.

Lakini tukumbuke na Ayod, Sudani ya Kusini, Machi 1993. Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga picha mtoto aliyeinama kwa njaa, nyuma yake tai akingoja. Gazeti la New York Times liliichapa tarehe 26 Machi, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Wasomaji wengi waliuliza mtoto yule aliishia wapi. Dunia ilimwita msichana aliyeachwa peke yake. Mwaka 2011 gazeti la Hispania, El Mundo, lilifuatilia habari hiyo hadi Ayod. Mkononi mwa mtoto kulikuwa na bangili ya plastiki ya kituo cha chakula: alikuwa ameandikishwa. Familia ilisema alikuwa mvulana, na kwamba njaa ile haikumwua. Bangili ilikuwepo katika picha miaka yote. Haikusomwa.

Kwetu pia yapo. Mwanafunzi wetu mmoja alionekana katika kijitabu cha wafadhili, maneno ya chini yakisema ni yatima. Siku ile mama yake alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, akiwa amemshikia daftari. Aliambiwa asogee kando ili mwanga uwe mzuri. Alipoonyeshwa kijitabu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi nimekufa?"

MAOMBI YETU

Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika ya misaada yalikubaliana kanuni kumi za maadili. Ya kumi inasema kwamba katika habari na matangazo, walioathirika waonyeshwe kuwa watu wenye heshima, si vitu visivyo na matumaini. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inataka kwa kawaida ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Kwa hiyo hatuombi jambo geni.

Kwanza, tuulizwe kabla ya kamera kuinuliwa, kwa lugha tunayoielewa, na kamwe si katika foleni ya chakula. Anayeogopa kupoteza mgawo wake hawezi kusema hapana.

Pili, maneno ya chini ya picha asomewe mwenye uso. Jina liwekwe akitaka, liachwe akihofia usalama wake.

Tatu, nakala irudi kambini. Wengi wetu hatuna hata picha moja ya watoto wetu.

Nne, na hili ni letu wenyewe: simu zetu nazo ni kamera. Tusitume msiba wa jirani, wala mama aliyeanguka kisimani, kwenye vikundi vya WhatsApp kabla ya kumfunika kanga. Tunalowadai wageni tuanze nalo nyumbani.

Sisi walimu tuko tayari kufundisha maswali yale manne, kwa wanafunzi mchana na kwa watu wazima jioni. Tunawaomba wafanyakazi wa mashirika waje kukaa darasani nasi, na waje na vijitabu vyao tuvisome pamoja. Mama yule ameahidi kuwa wa kwanza kuhudhuria.