Yakirudishwa, Tuandike Tena

Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wa Chama, Tabora



Tumeombwa tuseme nanyi habari ya kuandika. Tulikusudia kusema juu ya vina na mizani, na juu ya Kiswahili safi. Lakini majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa mji huu alitujia na daftari lenye jalada jekundu, akatuambia: "Wazee wangu, nimekuja kuwaaga. Daftari hili nalitia motoni." Basi tumeyaacha tuliyoyaandaa, na leo tutasema juu ya daftari hilo.

Ndani yake mna habari alizozipokea kwa babu yake, na babu naye alizipokea kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi. Zaeleza jinsi mtu alivyouzoea mzigo begani, jinsi maji yalivyogawanywa njiani, na jinsi mke alivyolima peke yake wakati mume yuko pwani. Kijana amezipeleka mahali patatu. Pa kwanza walimjibu kwamba hazifai. Pa pili hawakumjibu kabisa. Pa tatu walimwambia kwamba habari za zamani hazina wasomaji. Hatuwataji waliomkataa, maana hatukuja hapa kugombana na mtu. Nasi wenyewe tumekwisha kukataliwa, tena zaidi ya mara tatu. Twaijua haya ya kupokea bahasha nene, ukatambua kabla hujaifungua kwamba umerudishiwa yaliyo yako.

Kwanza yatupasa tufahamu thamani ya daftari hili. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Wanyamwezi kwa maelfu waliibeba biashara ya njia hiyo mabegani mwao, pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo na shanga zikipanda bara. Burton, Mwingereza, alifika hapa tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na safari yake akaiandikia kitabu. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na habari zao zikasomwa dunia nzima. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi yake hapa, alieleza maisha yake kwa Kiswahili; lakini maandishi hayo yalipigwa chapa kwanza Berlin, mwaka 1902 na 1903.

Sasa tuulizane: wapagazi wenyewe wametuachia vitabu vingapi? Habari zao twazisoma katika vitabu vya watu waliobebewa mizigo. Na mwenye kubebewa huandika kwamba mpagazi ni mtoro, au mvivu, au mwizi wa shanga. Kwamba siku ile mpagazi alikuwa na homa, hilo huenda hakulijua. Chama chetu kilipigania nchi hii ili mwananchi ajisemee mwenyewe. Daftari hili likiungua, yule aliyebebewa atabaki msemaji peke yake. Ndiyo sababu tumeona jambo hili lafaa kuletwa mbele ya mkutano.

Basi tuseme kukataliwa ni nini. Kwa kadiri tulivyoona, maandishi hurudishwa kwa sababu tatu, na mwandishi asiyezipambanua hujiumiza bure.

Sababu ya kwanza ni kasoro ya maandishi yenyewe. Twasema wazi, maana kusifiana bila kuambiana kweli hakujengi taifa. Tulilisoma daftari la kijana wetu kwa muda wa siku tatu. Kurasa 9 za mwanzo zilijaa sifa za Tabora na miembe yake, na mpagazi akaonekana katika ukurasa wa 10. Mhariri mwenye kazi za watu wengi juu ya meza yake hakufika huko. Tena kijana alikuwa amechanganya maneno ya babu yake na maneno ya vitabu vya shule, hata msomaji asijue lipi ni la nani. Tulimwambia: "Anza na mzigo begani. Na palipo na neno la babu, tuambie kwamba ni la babu." Alinuna, akaondoka bila kunywa chai. Siku ya tatu alirudi, na zile kurasa 9 alikuwa amekwisha kuziondoa.

Pasiwe na mtu wa kuona haya kusahihishwa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huu huu, alitafsiri mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, na tafsiri ikatolewa mwaka 1963. Wakati huo yeye ndiye Rais wa nchi. Nani angethubutu kumrudishia Rais kazi yake? Lakini aliirudia yeye mwenyewe, akaipitia neno kwa neno, ikatolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ikiwa Rais mwenye shughuli nyingi vile alipata nafasi ya kurudia kazi iliyokwisha kupigwa chapa, sisi tuna udhuru gani kwa kazi ambayo haijapigwa chapa bado? Na wewe mtunzi wa mashairi, hesabu mizani zako kwa vidole kabla mhariri hajakuhesabia.

Sababu ya pili ni kutofaana. Kila gazeti lina kurasa zake, na kila ukurasa una desturi yake. Hadithi ya maneno 6,000 haiingii mahali pa maneno 800, hata ikiwa tamu kama asali ya Unyamwezi. Hapo hapana aliyekosa, ila kila mmoja ana kipimo chake. Dawa yake ni hii. Lisome gazeti kwanza, matoleo kadhaa, ndipo ulipelekee kitu. Weka nakala yako nyumbani. Wako watu waliopoteza kazi ya miaka kwa kupeleka nakala iliyokuwa moja tu. Andika jina lako na anwani yako mahali panapoonekana. Uwe na kijitabu cha kuandikia ulichopeleka, mahali ulipopeleka, tarehe, na jibu lililokuja. Mwenye duka huandika anaowadai. Na mwandishi naye aandike. Wala usimtukane mhariri aliyekukataa, maana kesho utamhitaji, na matusi hayasahauliki upesi.

Tena jifunze kungoja. Mfuko wa barua za Livingstone uliotiwa alama ya tarehe 1 Novemba 1870 ulilala hapa Unyanyembe, ukafika mikononi mwake kule Ujiji mwaka 1871, kiasi cha mwaka mzima baadaye. Siku hizi barua yafika kwa simu kabla hujameza mate, lakini mhariri yu mtu yule yule mwenye macho mawili. Miezi mitatu ya kimya si tusi. Ikipita, uliza mara moja kwa adabu. Ukinyimwa jibu, peleka mahali pengine. Na katika siku hizo za kungoja, anza kazi nyingine, ili jibu baya likija likukute unaandika.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Kuna wakati kazi ni njema, nayo yakataliwa kwa sababu mlango wenyewe haukujengwa kwa ajili yako.

Hapa Tabora ndipo reli ya Mwanza ilipoachana na reli ya Kigoma, na Mwanza ilifikiwa mwaka 1928. Ng'ambo ya Mwanza, ziwani, kuna kisiwa cha Ukerewe. Huko aliishi mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, jinsi walivyoishi, walivyolima, walivyotafuta mtoto, na walivyotendeana na majirani. Aliandika ili mila za wazee zisipotee. Hakupata wa kukipiga chapa, maana lugha yake ilikuwa ya watu wachache. Miaka ikapita. Katika uzee wake aliketi akakitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mzee akafariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi.

Ndugu zangu, twaisimulia habari hii kwa masikitiko, wala hatuitaki iwe hadithi ya kumsifu mzee kwa subira yake tu, halafu twende zetu. Miaka 35 ni aibu yetu sote. Lakini angalieni alivyofanya. Aliponyimwa mlango kwa lugha moja, aliuendea kwa lugha nyingine, wala hakupunguza aliyotaka kusema. Mwaka 2002 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza, na aliyekitafsiri, Gabriel Ruhumbika, naye ni Mkerewe. Kama mzee angekitia motoni mwaka 1946 kwa hasira, leo tungekuwa na nini?

Na wengine walipokuta mlango umefungwa, walijenga nyumba yao. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwafundisha wengi kuandika, nasi hatulidharau. Lakini lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na serikali haipigi chapa maneno ya mtu anayeitaka iondoke. Kwa hiyo Erica Fiah alianzisha Kwetu, Dar es Salaam, mwaka 1937. Mwafrika likafuata mwaka 1957, na mwaka 1958 wahariri wake wawili wakatiwa gerezani. Mwaka huo huo Mwalimu alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 kwa maneno yaliyotoka katika Sauti ya TANU. Gazeti la Uhuru likatoka mwaka 1961. Hivyo kurasa tunazoziomba nafasi leo zilinunuliwa kwa faini na kifungo.

Lakini tahadharini. Si kila aliyerudishiwa kazi ni Kitereza. Wengi wetu, na hapo tunajihesabu, tumo katika sababu ya kwanza, tena twapenda kujiweka katika ya tatu. Kabla ya kusema "wamenionea," mpe kazi yako mtu asiyekuogopa, aisome.

Mji huu una fundisho lake katika jambo hili. Desemba 1957 Mwalimu alijiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa sababu kila alilolipendekeza lilikataliwa. Mwezi uliofuata, Januari 1958, wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora. Serikali ilikuwa imeweka masharti ya kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Masharti yalichukiza, na wengi walitaka kususia uchaguzi. Baada ya majadiliano makali waliamua kuingia na masharti yale yale mabaya, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea wa TANU na waliowaunga mkono wakashinda. Uamuzi ule uliitwa Uamuzi wa Busara. Waliokataliwa hawakununa, walikaa, wakahesabu, wakachagua njia inayofika. Mwandishi aliyerudishiwa kazi yake naye ana hesabu ya namna hiyo: nisahihishe, nipeleke kwingine, au nijenge mlango wangu?

Tuna neno pia kwa wahariri, wa gazeti hili wakiwamo. Anayeomba wananchi wamwandikie ana deni la kuwajibu. Mistari miwili yatosha: "Haifai kwa sababu hii." Kimya humvunja kijana kuliko neno kali.

Na kwa matawi yetu twapendekeza hivi: kila tawi liwe na jioni moja kwa mwezi ya kusomeana maandishi, wazee wakiwapo wasahihishe habari, vijana wasahihishe herufi. Nakala moja ya kila kazi iwekwe ofisini. Wazee wanaozijua habari za njia hii wanapungua kila mwaka, na hawataingojea posta.

Mtauliza daftari jekundu liko wapi. Liko kwa mwenyewe. Ameliandika upya tangu mwanzo, na juma lililopita amelipeleka mahali pa nne. Bado hajajibiwa, wala hatujui atajibiwa nini. Lakini nakala ya pili ipo nasi, ndani ya kabati la tawi, na ufunguo anao katibu. Yeyote mwenye kiberiti hataipata.

Uhuru na Kazi!