Jalada Linapita Wapi? Mhadhara wa umma kuhusu kubadili programu ya kuchora michakato katika halmashauri



Halmashauri inapoamua kuiacha programu iliyozoea kuchorea michakato yake na kuhamia nyingine, jambo la kwanza kufika mezani ni bei ya leseni. Yanafuata mafunzo ya watumishi. Mwishoni, muda ukiruhusu, mtu huuliza michoro ya zamani itahamishwa vipi. Jibu langu ni kwamba iliyo mingi isihamishwe. Ichorwe upya na watu wanaoifanya kazi yenyewe, kisha ihifadhiwe kwa namna ambayo leseni ikiisha kesho, halmashauri bado inaweza kuifungua.

Chukueni mkopo usio na riba wa vikundi, ule tunaouita asilimia kumi. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni zikatoka 2019. Mwaka 2023 Serikali ikasitisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu wake utazamwe upya, na 2024 ikarejea kwa utaratibu mpya, huku halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kuipitisha benki. Sasa fikirieni mchoro uliochorwa 2020. Kikundi kipo, Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yupo, kamati, Mweka Hazina, mishale imenyooka. Ofisa Tehama anabonyeza kitufe, mchoro unafunguka ndani ya programu mpya ukiwa na rangi nzuri zaidi na tarehe ya leo kwenye kona. Mtumishi aliyeajiriwa mwezi uliopita atauamini. Akina mama waliotoka kata ya mbali kwa bodaboda watatumwa kwenye dirisha ambalo halina tena kazi hiyo.

Hata pale utaratibu haujabadilika, kitufe hicho si cha kuaminiwa. Michoro mingi ya ofisini duniani imechorwa kwa Visio, programu iliyotoka 1992 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2000. Ndani ya Visio, mshale unaweza kugandishwa kwenye kisanduku au kuachwa ukigusa ukingo wake tu. Kwa jicho hakuna tofauti. Sogeza kisanduku: mshale uliogandishwa hukifuata, ule mwingine hubaki ukining'inia. Programu inayopokea faili husoma kile kilichogandishwa, kwa hiyo mshale uliogusa tu unaweza kufika kama mstari mtupu usiounganisha chochote. Umbo la almasi lenye swali “Je, kiwanja kina mgogoro?” linaweza kufika likiwa zima, lakini njia ya “hapana” haiendi popote. Mchoro wa visanduku sita utarekebishwa kabla ya chai. Wa kibali cha ujenzi, unaopita kwa mipango miji, mhandisi, afya na ardhi, unahitaji mtu anayejua kila mshale ulikuwa unakwenda wapi, na mara nyingi mtu huyo alishahamishwa wilaya.

Kuna lugha ya alama iitwayo BPMN ambayo ilibuniwa ili mchoro wa mchakato usomeke katika programu yoyote. Toleo lake la kwanza ni la 2004, la 2.0 likatoka 2011, na 2013 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Faili lake ni maandishi ya XML, yanayosomeka hata bila programu iliyoyaandika. Halmashauri isinunue chochote kisichoweza kutoa faili hilo, na isikubali neno la muuzaji peke yake, kwa sababu zipo programu zinazochora alama za BPMN huku zikihifadhi kwa namna zao zenyewe. Siku ya majaribio, mchoro utolewe, ufunguliwe kwenye programu ya mshindani, urudishwe, na kamati iangalie kilichopotea. Saa moja ya kazi hiyo ina thamani zaidi kuliko vipeperushi vyote vya mauzo.

Lakini BPMN nayo haitatuambia jambo ambalo mwananchi analijua kuliko sote: kusubiri. Frank na Lillian Gilbreth walipowasilisha michoro ya michakato kwa wahandisi wa Marekani mwaka 1921 walikuwa wakifuatilia kitu chenyewe kinapopita, na kiwango cha wahandisi hao cha 1947 kikawa na alama tano, moja ikiwa ya kuchelewa. Michoro yetu ya leo ina mshale safi kati ya kisanduku na kisanduku, na ndani ya mshale huo jalada limelala siku kumi. Mchoro unasema Mkurugenzi aidhinishe. Mkurugenzi yuko Dodoma kikaoni. Anakaimu nani, na je, kaimu ana mamlaka ya kusaini hilo? Hapa wa kuulizwa ni mhudumu wa masijala. Yeye ndiye anayejua jalada likitoka lilikwenda kwa nani, lilirudi na dokezo gani, na kwa nini lilirudishwa nyuma mara mbili. Katika warsha za kubadili programu ni nadra kumwona, na hilo linanisikitisha sana, maana bila yeye tunachora tunavyotamani kazi iende.

Michoro ya zamani isifutwe. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inahusu kumbukumbu za umma bila kujali ziko kwenye karatasi au kompyuta, na mkaguzi atakayeuliza mkopo wa 2020 ulitolewa vipi anahitaji mchoro wa 2020. Itolewe yote kama PDF, tarehe zake za asili zikiachwa zilivyo, kabla ya siku ya mwisho ya leseni.

Kwa idara yetu hapa chuoni nina ombi. Wanafunzi wetu wa utawala na wa tehama huenda kwenye halmashauri kwa mafunzo kwa vitendo, na wengi huishia kutoa fotokopi. Msimu ujao wapangwe wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, wafuate majalada halisi ya kibali cha ujenzi na ya mkopo wa asilimia kumi tangu mapokezi hadi saini ya mwisho, wakiandika siku za kusubiri pamoja na hatua. Watakachochora kikabidhiwe halmashauri kama faili la BPMN, na nakala ya Kiswahili ibandikwe ukutani pale mapokezi.